Hati ya talaka iko mahakama gani? Namna ya kutafuta na kuomba kumbukumbu za talaka Tanzania

Siku shauri la talaka linapokwisha, wengi hawana hamu ya karatasi. Wanataka kutoka pale mahakamani, wapande daladala, warudi kwao. Hukumu imesomwa, wameisikia kwa masikio yao, hakimu amesema ndoa imevunjika, imetosha. Karatasi huja kukumbukwa miaka mingi baadaye, na huja kwa ghafla. Anayetaka kufungisha ndoa mpya anauliza iko wapi talaka ya ile ya kwanza. Benki inataka mwenza aje atie saini ya ridhaa kabla nyumba haijawekwa rehani, na mwenza huyo aliondoka zamani. Ubalozi unataka uthibitisho wa hali ya ndoa. Au mume wa zamani amefariki, na kwenye kikao cha mirathi kunazuka mabishano ya nani alikuwa mke halali siku ya kifo.

Hapo ndipo safari za kuzungushwa zinapoanza. Mtu anakwenda RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, anaambiwa aende mahakamani. Mahakamani anaulizwa namba ya shauri, haijui. Anarudi kwenye kata, anapewa karatasi yenye muhuri ambayo baadaye inakataliwa. Kuzungushwa huku kunawaumiza zaidi wanawake waliotoka kwenye ndoa mikono mitupu, maana kila safari ni nauli na kila nauli ni chakula cha watoto. Sehemu kubwa ya usumbufu huo ingeepukika kama mtu angejua mambo matatu kabla hajatoka nyumbani: kama kweli talaka yake ilitolewa na mahakama, jalada lake linakaa wapi, na katika karatasi zilizomo kwenye jalada hilo anahitaji ipi.

Kwanza hakikisha talaka ipo

Nianze na hili kwa sababu ndilo linaloumiza. Wapo watu wanaotafuta kumbukumbu za talaka ambayo haikuwahi kutolewa, na hawajui.

Tanzania Bara inafuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu chake cha 12 kinasema ndoa inaendelea kuwapo mpaka imalizwe na mojawapo ya mambo yaliyotajwa humo: kifo cha mmoja wa wanandoa, amri ya mahakama ya kudhani kwamba mmoja amekufa, amri ya kubatilisha ndoa, amri ya talaka, au talaka iliyotolewa nje ya Tanzania bila mahakama na ikatambuliwa kisheria hapa nchini. Orodha inaishia hapo. Kuishi mbalimbali miaka ishirini hakumo. Kurudisha mahari hakumo. Kikao cha wazee wa pande mbili kilichoandika muhtasari na watu wakatia dole gumba, nacho hakimo.

Karatasi inayowachanganya watu kuliko zote ni ile ya baraza la usuluhishi. Kifungu cha 101 kinataka wanandoa wapitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kufungua shauri la talaka, isipokuwa katika mazingira machache ambayo sheria imeyaruhusu. Baraza linaweza kuwa la kata au la taasisi ya dini. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa, ile ambayo mahakamani inajulikana kwa jina la Fomu Namba 3. Ina majina ya wote wawili, ina muhuri, ina saini ya mwenyekiti, na chini yake kuna maneno yanayosema usuluhishi umeshindikana. Mtu aliyeteseka ndani ya ndoa akipokea karatasi hiyo anaona ameshaachwa huru. Anaikunja, anaiweka chini ya sanduku, anaendelea na maisha. Kisheria kilichotolewa pale ni ruhusa ya kwenda mahakamani kufungua shauri. Kama hakwenda, bado yumo ndani ya ndoa.

Kwa Waislamu wa Bara kuna jambo la pili. Mume ameandika talaka, mashahidi wapo, pengine imepelekwa hata ofisi ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Kidini jambo limeshaisha na eda imehesabiwa. Mahakama haiidharau talaka hiyo. Kifungu cha 107 kinaeleza kwamba kama baraza limethibitisha kushindwa kuwasuluhisha wanandoa waliofunga ndoa ya Kiislamu, na baada ya hapo mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itaona kwamba ndoa hiyo imevunjika na itatoa talaka. Lakini angalia mwisho wa sentensi: anayetoa amri ni mahakama. Bara haina Mahakama ya Kadhi yenye nguvu ya dola, kwa hiyo karatasi ya mume peke yake haitakusaidia mbele ya benki au Msajili wa Hati za Ardhi.

Kwa upande wa Wakristo, uamuzi wa mahakama ya kanisa wa kubatilisha ndoa unabaki kuwa wa kanisa. Kwa serikali unahitaji amri ya mahakama ya nchi, na padri naye anaweza kuikataa amri hiyo ya nchi kama kanisa halijatoa lake. Ni milango miwili, kila mmoja una ufunguo wake.

Na wale walioishi pamoja bila kufunga ndoa? Kifungu cha 160 kinazungumzia dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi jamii ikawaona kuwa mume na mke. Mashauri ya namna hiyo hufika mahakamani, hasa kwa ajili ya mali na watoto, lakini hukumu yake inaweza isiwe na neno talaka kabisa. Ukiwa katika kundi hili, usiandike barua ya kuomba hati ya talaka. Omba nakala ya hukumu, kisha isome ujue mahakama iliamua nini.

Ukigundua kwamba ulichonacho ni Fomu Namba 3 au karatasi ya msikitini, bado njia ipo. Unafungua shauri sasa. Ni kazi, lakini inakwisha, na ni afadhali kuliko kuzunguka kutafuta jalada ambalo halijawahi kufunguliwa.

Jalada linakaa wapi

Jalada la talaka linatunzwa na mahakama iliyosikiliza shauri, katika masijala yake. Usitarajie kufika ofisi moja ya taifa, kutaja jina, na kuchapishiwa talaka yoyote iliyowahi kutolewa nchini. RITA inasajili talaka na kutoa cheti, lakini inasajili kile ambacho mahakama imeshakiamua na kikafikishwa kwake. Kama baada ya hukumu yako hakuna aliyeipeleka, huko hakuna cha kukuta. Ndiyo maana wanakurudisha mahakamani, na kwa hilo hawajakosea.

Tatizo ni kwamba mahakama zenye mamlaka ya kusikiliza talaka ni nne: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Sheria inaziruhusu zote. Mlalamikaji mmoja alifungua Mahakama ya Mwanzo kwa sababu ni karibu na ada yake ni nafuu. Mwingine alikuwa na wakili akaenda Wilaya. Majengo yenyewe mara nyingi yako kwenye eneo moja, mtu anasema "nilikwenda mahakamani pale mjini" na hajui aliingia mlango upi. Jaribu kukumbuka kama upande wako au wa mwenzako ulikuwa na wakili. Zamani mawakili hawakuruhusiwa kuwakilisha watu katika Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo kama shauri ni la miaka ile na wakili alisimama kuongea, anza na Wilaya au Hakimu Mkazi. Kumbuka pia kama kulikuwa na wazee wawili waliokaa na hakimu: hao ni wazee wa baraza, au washauri, na wanakupeleka Mahakama ya Mwanzo. Lugha nayo inasaidia. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiandika kwa Kiswahili muda wote. Katika mahakama za juu kumbukumbu zilikuwa zikiandikwa kwa Kiingereza mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Kama unakumbuka karatasi ya Kiingereza, hiyo haikutoka Mwanzo.

Kitu kinachofungua kila mlango ni namba ya shauri. Huandikwa kwa mtindo wa "Shauri la Ndoa Na. fulani la mwaka fulani". Kama huna hati yenyewe, namba hiyo inaweza kuwa imelala mahali ambapo hukufikiria: kwenye hati ya wito uliyopelekewa na mjumbe wa mtaa, stakabadhi ya ada ya kufungulia shauri, karatasi za matunzo ya watoto ambayo mahakama iliamuru yalipwe, nakala ambazo wakili alibaki nazo ofisini, au kwa yule wa zamani kama bado mnaongea. Hata mtu wa msaada wa kisheria aliyekuandikia maombi anaweza kuwa nayo kwenye daftari lake.

Ikikosekana kabisa, si mwisho wa njia. Masijala ina rejesta ambamo mashauri huandikwa kwa mfuatano wa namba na mwaka, pamoja na majina ya wadaawa, yaani pande mbili za shauri. Karani anaweza kuipitia. Hapa mwaka ndio kila kitu. Ukisema "kama miaka kumi na kitu hivi" umempa karani kazi ya siku nzima, naye ana foleni mlangoni. Ukisema "mwaka 2011 au 2012, maana mtoto wetu wa mwisho alikuwa ameanza darasa la kwanza", umempunguzia rejesta kutoka kumi hadi mbili. Andaa majina kama yalivyokuwa wakati ule. Mwanamke anaweza kuwa alitumia jina la mume, la baba, au la ubatizo, na leo kitambulisho chake cha NIDA kina mpangilio mwingine. Mpe karani majina yote uliyowahi kutumia.

Mashauri ya miaka ya karibuni yanasajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, na huko kutafuta kwa jina ni rahisi. Ya zamani yako kwenye makaratasi, na hakuna mfumo utakaoyaleta bila mtu kuingia stoo.

Halafu kuna mipaka ya utawala, ambayo imewapotosha wengi bila wao kujua. Mwaka 2012 Tanzania ilipata mikoa mipya ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 ikaongezeka Songwe. Dar es Salaam nayo ikapata wilaya za Kigamboni, iliyomegwa kutoka Temeke, na Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni. Anayeishi Kigamboni leo na aliyeachika mwaka 2008 ana kila sababu ya kuulizia Temeke. Shauri la mtu wa Mpanda la kabla ya 2012 lilikuwa la mkoa wa Rukwa, na aliyekuwa Geita wakati huo alikuwa mtu wa mkoa wa Mwanza. Jiulize wilaya yako ilikuwa inaitwaje siku ile ya hukumu, kisha anza na jina hilo. Dar es Salaam kuna jambo jingine la kukumbuka: tangu 2021 kuna kituo jumuishi cha masuala ya familia Temeke, ambacho kinashughulikia ndoa, mirathi na watoto, na ndani yake kuna ngazi mbalimbali za mahakama katika jengo moja. Kama shauri lako ni la baada ya hapo, kuulizia Temeke ni hatua ya busara hata kama uliishi wilaya nyingine ya jiji.

Jambo la mwisho kuhusu mahali ni rufaa, na hapa ndipo jalada linaposafiri kweli. Mmoja akikata rufaa, mahakama ya juu huita kumbukumbu za mahakama ya chini. Jalada linaondoka Mwanzo linakwenda Wilaya, pengine linaendelea Mahakama Kuu, hata Mahakama ya Rufani. Linapaswa kurudi likimaliza kazi. Likichelewa kurudi, karani wa Mwanzo atakwambia kwa uaminifu kabisa kwamba halipo, na wewe utaelewa kwamba limepotea. Muulize swali moja la ziada: "Rejesta inaonyesha lilipelekwa wapi?" Usisahau pia kwamba rufaa inaweza kuwa ilibadilisha matokeo. Kama Mahakama Kuu ilitengua talaka au ilibadilisha mgawo wa mali, hati ya Mahakama ya Mwanzo uliyonayo haisemi tena ukweli wote, na anayeipokea ana haki ya kuuliza kilichofuata.

Rufaa ina faida moja. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure mtandaoni kwenye TanzLII, maktaba ya sheria ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwa simu. Ukitafuta kwa majina ya wadaawa na kuipata hukumu ya rufaa, soma ukurasa wa kwanza, chini ya majina. Hapo huandikwa rufaa imetokana na shauri namba ngapi, la mwaka gani, la mahakama ipi. Mtu asiye na kumbukumbu hata moja anaweza kuipata namba yake ya Mahakama ya Mwanzo kwa njia hiyo akiwa amekaa nyumbani.

Uombe karatasi ipi

Watu husema "naomba talaka yangu", na karani mwenye haraka anawapa chochote kilicho juu ya jalada. Ndani ya jalada kuna vitu vitatu vinavyotofautiana sana.

Kuna mwenendo wa shauri, yaani maelezo ya yote yaliyosemwa siku kwa siku: ushahidi wako, wa mwenzako, wa majirani, maswali na majibu. Ni kurasa nyingi, na zimejaa mambo ya chumbani ambayo hutaki yasomwe na afisa mikopo. Mwenendo unahitajika kwa rufaa na kwa wakili anayetaka kuchunguza kesi. Kwa mambo mengine uache ulipo.

Kuna hukumu, ambamo hakimu ameeleza sababu na uamuzi: kama ndoa imevunjika, mali zigawanywe vipi, watoto wakae na nani, nani atoe matunzo. Na kuna tuzo, ambayo mawakili huiita dikrii, karatasi fupi inayotoa kiini cha hukumu bila hadithi yake. Hii, pamoja na hati ya talaka inayotolewa na mahakama, ndiyo kwa kawaida inayohitajika na anayefungisha ndoa mpya. Sheria inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na humo unaeleza hali yako ya ndoa, kwa hiyo usiisubiri wiki ya harusi ndipo uende masijala.

Kama unahamisha umiliki wa nyumba au kiwanja kilichogawanywa, chukua hukumu na tuzo pamoja, maana ofisi ya ardhi inataka kuona mahakama ilisema kiwanja kipi kiwe cha nani. Kama ni pasipoti ya mtoto au kusafiri naye, kinachotakiwa ni ile sehemu ya amri inayotaja malezi. Kama ni mirathi na mabishano ya nani mjane, beba hukumu, tuzo, na za rufaa zote kama zilikuwapo. Mwulize anayekuomba karatasi anataka ipi hasa, na umwombe akuandikie jina lake. Dakika moja hiyo inaokoa safari nzima.

Chochote utakachochagua, omba nakala iliyothibitishwa na mahakama yenyewe, yenye muhuri na saini ya hakimu au msajili. Fotokopi iliyogongwa muhuri na wakili inakubalika kwenye ofisi nyingi, lakini ofisi zinazotaka uhakika zaidi, hasa za nje ya nchi, zinataka ya mahakama. Na hati ya kiapo ambayo mtu anaapa kwamba "niliachana na fulani mwaka fulani" haithibitishi talaka. Inathibitisha tu kwamba ameapa hivyo.

Barua ya maombi

Maombi hufanywa kwa barua fupi kwenda kwa hakimu mfawidhi, yaani hakimu msimamizi wa mahakama, kama ni Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, au kwa naibu msajili kama ni Mahakama Kuu. Usiandike historia ya ndoa. Anayesoma anahitaji kujua atafute nini. Inaweza kuwa hivi:

Hakimu Mfawidhi,
Mahakama ya Mwanzo ……,
S.L.P. ……

YAH: MAOMBI YA NAKALA ZILIZOTHIBITISHWA ZA HUKUMU NA HATI YA TALAKA, SHAURI LA NDOA NA. …… LA MWAKA ……

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi …… (jina la sasa), ambaye katika shauri hilo niliandikwa kwa jina la ……, nilikuwa mdai/mdaiwa dhidi ya …… Hukumu ilitolewa mwezi …… mwaka …… Naomba kupatiwa nakala zilizothibitishwa za hukumu na hati ya talaka kwa ajili ya …… Nakala niliyokuwa nayo imepotea, na nimeambatanisha taarifa ya polisi ya kupotelewa pamoja na nakala ya kitambulisho changu. Niko tayari kulipa ada itakayohitajika. Simu yangu ni ……

Kama huna namba ya shauri, weka mahali pake "shauri la talaka kati ya fulani na fulani, lililosikilizwa kati ya mwaka fulani na fulani" na uombe rejesta ipitiwe. Peleka nakala mbili za barua, moja ubaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri huo, ukirudi wiki mbili baadaye na kukuta karani mwingine, unaanza upya.

Ada, ikiwapo, hulipwa kwa kontroo namba ya serikali, nawe unabaki na uthibitisho wa malipo. Hailipwi mkononi. Nje ya mahakama nyingi wamekaa vishoka wanaojua kuzungumza kama makarani, wanaoahidi hati kesho asubuhi. Hati ya talaka ya kughushi ni hatari kuliko kukosa hati: ukifunga ndoa nyingine juu yake, unaweza kujikuta kwenye jinai, na ndoa mpya yenyewe huenda isiwe halali.

Wanaoweza kuomba ni wadaawa wenyewe, mawakili wao, au mtu waliyempa hati ya uwakilishi, jambo linalowafaa walio mbali. Mdaawa akiwa amefariki, msimamizi wa mirathi yake anaomba akiambatanisha barua ya usimamizi. Mtu wa nje, kwa mfano mchumba anayetaka kujua kama kweli mwenzake ameachana na yule wa kwanza, atatakiwa kueleza sababu, na uamuzi ni wa hakimu au msajili. Naona ni sawa iwe hivyo. Ndani ya jalada la talaka mna aibu za watu na majina ya watoto, na nchi imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Njia nyepesi kwa mchumba huyo ni kumwambia mwenzake alete hati mwenyewe.

Jalada lisipoonekana

Paa huvuja, mchwa hula, mahakama huhama jengo. Karani akisema jalada halionekani, usikubali jibu la mdomo. Rudi kwa barua kwa hakimu mfawidhi, ukiomba mambo mawili: utafutaji ufanyike na ujibiwe kwa maandishi, na kama rejesta inaonyesha shauri hilo, upewe barua ya mahakama inayotaja namba, majina, tarehe na matokeo yaliyoandikwa humo. Barua hiyo haichukui nafasi ya hati, lakini inaeleza kwa maandishi ya mahakama yenyewe kwamba shauri lilikuwapo.

Jalada lililopotea linaweza pia kuundwa upya. Wadaawa wanaleta nakala walizonazo, mawakili wanaleta zao, mahakama za rufaa zinaombwa za kwao, na kutokana na hizo kumbukumbu inajengwa tena. Ndiyo sababu nakala ya zamani iliyofifia, hata iliyochanika, haitupwi. Ukiona hakuna kinachosonga, peleka malalamiko kwa ngazi ya juu ya mahakama hiyo hiyo. Kila ngazi ina msimamizi wake, na barua yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo inayokupa sauti.

Zanzibar, na walio nje ya nchi

Maelezo yote ya hapo juu ni ya Bara. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar. Huko Mahakama ya Kadhi ni mahakama ya serikali, inayoendeshwa kwa sheria ya mwaka 2017, na ndiyo inayosikiliza ndoa na talaka za Waislamu. Talaka aliyoitoa mume huandikishwa, na usajili wa matukio haya uko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Aliyeachwa Unguja au Pemba aanze kwa kadhi wa wilaya aliyoishi. Wasio Waislamu wanakwenda mahakama za kawaida.

Ndoa iliyovunjwa nje, iwe Muscat, Nairobi au London, kumbukumbu zake ziko huko huko, na hakuna mahakama ya hapa itakayokupa nakala. Sheria ya Ndoa ina vifungu vya kutambua talaka za nje, kwa hiyo kazi yako ni kuleta hati halisi ya huko. Chunguza kama ni ya mwisho. Kenya, kwa mfano, mahakama imekuwa ikitoa kwanza amri ya awali, kisha amri ya mwisho baada ya muda. Ile ya awali haikuachi huru. Uingereza nayo ina hatua mbili za aina hiyo, na tangu Aprili 2022 majina ya amri hizo yamebadilika, basi usishangae hati mbili za nchi moja zikiwa na vichwa tofauti.

Kinyume chake, hati ya Tanzania inayokwenda ubalozini au nje huhitaji tafsiri ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya tafsiri za namna hiyo na kuzithibitisha. Kisha nyaraka huthibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, na baadhi ya balozi hutaka zithibitishwe kwao pia. Ulizia ubalozi mpangilio wanaoutaka kabla hujalipa chochote, kwa sababu wengine wanataka tafsiri ije kabla ya uthibitisho na wengine baada.

Siku utakayokabidhiwa nakala yako, usiondoke dirishani kabla hujaisoma. Linganisha majina, herufi kwa herufi, na ya kitambulisho. Angalia tarehe ya hukumu, namba ya shauri, jina la mahakama, muhuri usiofifia na saini kwenye kila ukurasa. Kosa la herufi moja likionekana hapo hapo, karani anaweza kulipeleka kwa hakimu likashughulikiwa wakati jalada bado liko mezani. Omba nakala mbili, na moja upeleke RITA ili talaka isajiliwe.